Bajeti ya Baridi

Sura ya Saba

"Masikio," Koplo alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Halafu vidole. Halafu pua. Afande, huyu mama alikuwa anatishiwa kukatwa kipande kipande."

"Na magoti?" Inspekta aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

Koplo alirudisha kidole juu ya ukurasa. "Magoti yapo. Tarehe kumi na tisa. Umejuaje?"

"Nimelisoma kabla yako. Nimekuona unaruka mstari."

Daftari lenyewe lilikuwa la hesabu, la miraba, limevalishwa nailoni kama la mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye daftari alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na kwa wiki hii moja alikuwa amelala kwenye majokofu mawili: la kwanza la samaki, la pili la hospitali. Jumatano asubuhi mumewe, msimamizi wa ghala la samaki, alifungua chumba cha baridi namba mbili akamkuta amejikunyata nyuma ya maboksi, ndani ya koti zito, kofia, glavu na soksi jozi mbili, kama msafiri aliyefika kabla ya ndege yake. Usiku ule mume hakuwa amemtafuta. Alijua mkewe amekwenda kulala kwa mama yake, kama walivyoagana. Daktari naye hakuandika mengi. Baridi. Hakuna jeraha, isipokuwa ngumi zote mbili zilizochubuka kwa kugonga.

Leo ilikuwa Ijumaa. Mahabusu alikuwemo dada wa msimamizi, yaani wifi wa marehemu, karani wa ghala hilohilo na mshika funguo za korido. Wapakiaji wanne waliapa kwamba wiki mbili nyuma walimsikia akimfokea marehemu: "Utakufa na hilo koti lako!" Mkuu wa upelelezi, mtu wa haraka ambaye hata uji aliunywa kabla haujaiva, alitaka jalada liwe mezani kwake saa tisa alasiri. Shitaka lilikuwa kuua kwa kukusudia. Mama yule akitoka kituoni na shitaka hilo mgongoni, hatatoka tena popote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Koplo alisema, akaligeuza daftari. "Tazama mwenyewe."

Upande wa mbele marehemu alikuwa ameandika SAFARI, kwa herufi zilizonyooka kama mshono. Miaka sita ya bajeti. Yeye na mumewe, mji wa kaskazini, mji wa theluji, usiku nne, hoteli ya nyota tano, katika msimu ambao watalii wenye akili zao wamekimbia na bei imeshuka hadi theluthi. Tiketi mbili. Viza mbili. Hoteli, pamoja na kifungua kinywa, pembeni aliandika, "Kula sana asubuhi." Chakula cha jioni hotelini: usiku mmoja. Usiku tatu: mkate na jibini chumbani, "mapazia yafungwe". Bahashishi ya mbeba mizigo: siku ya kufika tu, "siku ya kuondoka abebe mume".

Upande wa nyuma aliandika neno moja, Wifi, na chini yake tarehe na namba. Tano, saba, kumi, kumi na mbili, kumi na tano, ikipanda hivyo mara mbili tatu kwa wiki. Kila namba ilikuwa na alama ya vema, na baadhi zilikuwa na neno: masikio, vidole, pua, magoti. Ya mwisho ilikuwa ya Jumanne. Thelathini. Haikuwa na alama.

"Elfu tano, elfu saba, elfu kumi," Koplo alieleza. "Wifi alikuwa anamkamua hela za safari. Asipotoa, masikio. Jumanne alitakiwa elfu thelathini, hana. Akafungiwa."

"Mwanamke huyu ameandika hela ya kuingia choo cha stendi siku aliyofuata fomu za viza. Umeiona?"

"Nimeiona. Nikacheka."

"Sasa nioneshe elfu thelathini zimetoka mstari gani. Au hizo tano tu."

Koplo alipekua mbele, akapekua nyuma, akajumlisha kwa simu, akajumlisha tena kwa vidole. Nje ya dirisha jua lilikuwa limeilainisha lami hadi viatu vya wapita njia vilikuwa vinanata.

"Bajeti imefunga, Afande. Hadi senti."

"Basi hizo namba si hela. Tarehe tano, masikio. Tarehe sita, huku mbele, alinunua nini?"

"Kofia ya sufu. Ya kufunika..." Koplo aligusa sikio lake. "Ya kufunika masikio."

"Vidole?"

"Kesho yake, soksi za sufu jozi mbili. Pua... skafu. Magoti, suruali ya ndani ya mwanaume, 'nitaipunguza mwenyewe'." Alikaa kitini taratibu. "Alikuwa anafanya mazoezi."

"Dakika tano. Dakika saba. Dakika kumi. Na katika mji huu, mwezi huu, baridi ya kukupiga magoti unaipata wapi?"

Koplo alichungulia lami ya nje. Jibu walikuwa nalo tangu Jumatano.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha la juu lililofungwa. Karani wa ghala, mama wa miaka hamsini na ushei, mfupi, kidole gumba kimelowa wino wa mihuri, alinyoosha mkono alifungue. Akajivuta kwa ncha za miguu, akalikosa. Koplo akalifungua kwa mkono mmoja.

"Ahsante, mwanangu. Aliyepewa urefu ashukuru."

"Mama," Inspekta alisema, "marehemu alikuwa anaingia chumba cha baridi saa ya chakula, kaka yako akiwa hayupo. Wewe ulikuwa unamshikia saa."

"Andika unachotaka."

"Nataka kuandika kilichotokea."

"Kikiandikwa, ataamka?"

Inspekta alipanga picha tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu. Wifi mtu aliitazama muda mrefu, akairekebisha pembe ikae sawa na ukingo wa meza, kama anayemfunika mtu shuka. Ya pili ilikuwa ya upande wa ndani wa mlango namba mbili, pale penye kitasa cha kujiokolea. Kitasa hakikuwepo, kulikuwa na tundu.

"Hicho nilikiandikia barua tatu, mimi mwenyewe. Zikajibiwa bajeti hairuhusu. Samaki hawatoki, walisema, kitasa cha nini?"

Ya tatu ilikuwa ya mlango huohuo kwa nje: komeo limeshuka, swichi ya taa pembeni, na juu ya fremu kabari ya mbao imening'inia kwa kamba kwenye msumari. Mama yule aliigeuza kifudifudi kabla hajaiangalia.

"Hiyo hujaiona," Inspekta alisema.

"Mlango naujua."

Kuanzia hapo hakusema neno. Koplo alijaribu upole, akajaribu ukali, mwisho akajaribu soda baridi. Soda ilinywewa.

*

Wakala wa safari alikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Walimkuta anacheza karata na kompyuta yake, na kompyuta ilikuwa inamshinda. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa picha ya mto ulioganda, taa za hoteli zikimeremeta juu ya barafu, hakuna hata mtu mmoja.

"Karibuni, karibuni! Mnataka kwenye jua au kwenye baridi?"

"Jua tunalo," Inspekta alisema na kuonyesha kitambulisho. "Tuambie kuhusu baridi."

Uso wa wakala ulianguka. Alikwisha kusikia.

"Ile ni safari niliyoipanga kwa mikono yangu, dada yangu. Yule mama alikuwa anakuja na daftari lake, ananibana mpaka natoka jasho. Mwezi gani bei iko chini kabisa? Nikamwambia, mama, mwezi huo hata wenyeji wenyewe wanatoroka. Akasema vizuri, watatuachia nafasi. Chumba kile msimu wa watu wanalala mabalozi. Yeye amekipata kwa bei ya kulala shemeji."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Mara ya mwisho alikuja mume. Jumanne, mchana."

Inspekta alivuta kiti. Maelezo ya mume yalikuwa kwenye jalada, mistari sita, mkono wa Koplo. Jumanne nilitoka kwenda mjini saa ya chakula, nikarudi kama kawaida, nikakuta kila kitu kiko sawa.

"Saa ngapi?"

Wakala alifungua droo, akatoa nakala ya risiti. Saa saba na dakika kumi na nne.

"Alikaa muda gani?"

"Dakika nne, tano. Alikuja na chakula chake kwenye kopo, maskini, amejiandaa kusubiri. Maana msimu wa watu hapa foleni inafika ngazini. Akaniuliza, foleni inaanzia wapi? Nikamwambia, mzee, foleni ni wewe."

Koplo alicheka, kisha akaona Inspekta hajacheka.

"Alilipa nini?"

"Salio. Na nyongeza." Wakala aligusa risiti kwa kidole. "Hii haikuwemo kwenye daftari la mama. Chumba chenye meko. Moto wa kuni, ndani ya chumba, ukutani kabisa. Alisema mke wangu akifungua friji anapiga chafya. Mwaka mzima nimemtania kwamba ataganda pale uwanja wa ndege, nimrudishe kwenye boksi kama samaki, na naona sasa hacheki tena. Nataka akifungua mlango wa hoteli akute moto. Akaniomba nisimwambie. Angemwonyesha risiti Jumatano, akirudi kutoka kwa mama yake."

"Hela zitarudi?"

"Bei ya chini hairudi wala haisogei. Jana alinipigia nikamweleza hivyohivyo. Wala hakulalamika." Wakala alizima kompyuta, kisha akaiwasha tena, kama hakujua alitaka nini. "Aliuliza kitu kimoja. Kama siku hiyo watauwasha ule moto hata pasipokuwa na mtu chumbani."

Walishuka ngazi. Barabarani Inspekta alibonyeza saa yake, wakatembea mwendo wa mtu mwenye habari njema mfukoni hadi geti la ghala. Dakika kumi na moja. Hawakuingia. Inspekta aliandika namba hiyo, akageuka.

"Lakini kawaida yake hurudi saa nane, Afande," Koplo alisema huku akijifuta jasho. "Wapakiaji wote wamesema. Saa nane kamili, kama kengele."

"Jumanne haikuwa kama kawaida. Jumanne foleni ilikuwa yeye."

*

Saa sita na nusu walimtoa tena mama yule. Inspekta aliweka risiti juu ya meza, akakaa.

"Marehemu aliingia saa ngapi?"

Macho ya karani yalitua kwenye risiti, yakasimama penye saa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Usiende kule," alisema.

"Kwa nani?"

"Niandike mimi. Nilikuwa na funguo, nilimfokea mbele ya watu, mnataka nini zaidi? Andika, nitie dole. Hili hapa lina wino tayari."

"Kwa nini ulimfokea?"

"Kwa sababu nilikuwa naogopa!" Sauti ilimpasuka. "Alianza na dakika tano, tukicheka. Nasimama mlangoni na saa, naye anazunguka maboksi kule ndani, anasema sasa nimefika kwenye daraja, sasa nimefika hotelini. Alitaka mara moja tu maishani atandikiwe kitanda na mtu mwingine. Na hakutaka mumewe amcheke akitetemeka. Basi. Aliposema thelathini nikamwambia utakufa na hilo koti lako. Hawa wapakiaji wamelishika hilo tu."

"Jumanne."

"Saa saba na kumi aliingia. Tukaweka kabari mlango usijifunge. Meneja akaniita nisaini mzigo. Nikamwambia wifi, narudi sasa hivi. Narudi saa nane kasorobo nakuta mlango umefungwa na taa imezimwa. Nikasema thelathini zake zimeisha, ameshatoka, amekwenda kwa mama yake. Hata nilifurahi."

"Kabari hukuiangalia."

"Sikuiangalia."

"Jumatano uliiangalia."

Mama alifunga macho. "Ilikuwa msumarini."

Inspekta aliigeuza ile picha ya tatu. Msumari ulikuwa juu ya fremu, na fremu ilikuwa ndefu kuliko Koplo.

"Wewe huufikii."

"Tunaishusha kwa mpini wa ufagio. Kuirudisha hatuwezi. Tukimaliza tunaitupa chini, nyuma ya mizani."

"Na marehemu?"

"Alikuwa ananifika begani."

"Nani anaitundika?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mtaani mtu alikuwa anauza maji kwa kupiga kelele. Mama alisubiri kelele ipite.

"Mama yetu alikufa yeye ana miaka mitatu, mimi tisa. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikaburuza chini. Sasa nisikilize. Leo anaamini mimi ndiye mwuaji. Ananichukia. Sawa. Mtu anaweza kuishi anamchukia dada yake, wengi wanaishi hivyo na wananenepa. Lakini hilo lingine, mwanangu, haliishiki."

"Sina ushahidi," Inspekta alisema. "Nina msumari na risiti. Mkuu atasema mshitakiwa anajitetea."

"Basi mshukuru Mungu, uache hapohapo."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Akamfanyia Koplo ishara ya kichwa.

*

Msimamizi wa ghala, mwaka wake wa thelathini na moja humo, alikuwa amerudi kazini. Meneja alimpa pole, akampa siku moja, akamwambia samaki hawajui msiba. Alikuwa mwanaume mrefu, mabega yameinama mbele, na shati lake jeupe lilikuwa na alama ya pasi iliyounguza mfukoni. Ilionekana ni pasi aliyoipiga mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Kabla hawajamfuata ofisini, Inspekta alisimama na Koplo mbele ya chumba namba tatu. Alijaribu kitasa cha ndani mara nne. Kilifanya kazi. Akashusha kabari kwa mpini wa ufagio, akaibana chini ya mlango, akawasha taa.

"Ingia. Nenda nyuma ya maboksi. Mlango ukifungwa piga kelele, kisha hesabu dakika mbili, utoke."

"Afande, mimi sina koti."

"Dakika mbili tu."

"Hata marehemu alianza na tano, na kofia hakuwa nayo," Koplo alisema. "Nikipotea, masikio yangu mpeni Mkuu. Yeye huwa hayatumii." Akaingia.

Inspekta alimkuta msimamizi ofisini, akamwomba amwonyeshe tena njia ya kwenda namba mbili. Mwanaume yule alisimama bila kuuliza kwa nini. Walitembea koridoni bega kwa bega. Feni za kompresa zilikuwa zinavuma hivi kwamba mtu alilazimika kuinua sauti ili aongee na aliye pembeni yake.

"Mtampeleka mahakamani lini?" aliuliza.

"Jalada linatakiwa leo."

"Mimi nataka sheria ifuate mkondo wake. Dada yangu amenilea, sikatai. Amenivusha barabara, amenipikia, hata jina langu la kwanza kuandika alinifundisha yeye kwa mkaa..."

Walifika mlango namba tatu. Mguu wake wa kulia ulitoka, ukapiga kabari, ikateleza. Bega likausukuma mlango. Mkono mmoja ukashusha komeo, mwingine ukapita kwenye swichi, taa ikazima. Akainama, akaokota kabari, akainyanyua juu ya fremu bila kuangalia, kamba ikaingia msumarini. Mambo yote hayo yalikuwa mwendo mmoja, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake mwenyewe.

"...lakini mtu aliyemfungia mke wangu," alikuwa bado anasema, "mke wangu aliyekuwa anaogopa hata friji, huyo kwangu hana undugu. Sijui alimvutaje hadi humu ndani. Sijui alimwambia nini."

Inspekta alisimama.

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo mlangoni."

Msimamizi aligeuka. "Sijafanya kitu."

"Kabari iko wapi?"

"Msumarini. Iko msumarini siku zote. Hawa wapakiaji wanaishusha na ufagio, wavivu hawa, wanaacha mlango wazi umeme unateketea. Kila mchana naikuta nyuma ya mizani."

"Nani alifunga mlango huu?"

"Si ulikuwa umefungwa."

"Koplo yuko wapi?"

Mwanaume alitazama koridoni, mbele na nyuma. Kisha akautazama mlango. Feni zilivuma. Inspekta aliangalia saa yake hadi mkono wa sekunde ukazunguka mara ya pili. Komeo likaruka, mlango ukafunguka, na Koplo akatoka na ukungu mweupe kichwani, mikono kwapani. Mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja, hakuwa na utani.

"Nimepiga kelele, Afande. Nimepiga na ngumi. Hamkusikia?"

"Hatukusikia."

Msimamizi alikuwa anatazama mkono wake wa kulia, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha watu akishike kidogo.

"Jumanne ulitoka kwa wakala saa saba na robo na ushei," Inspekta alisema. "Kutoka pale hadi hapa ni dakika kumi na moja."

"Nilifurahi," alisema. "Nilikuwa napiga mluzi. Risiti iko mfukoni, nikasema leo hata chakula nitakila kwa raha. Nikapita hapa nikaenda..." Akageukia mlango wa namba mbili. "Taa ilikuwa inawaka, namba mbili."

"Ndiyo."

"Nikasema, hawa wapakiaji."

Inspekta alitoa lile daftari lenye nailoni, akafunua upande wa nyuma, akamshikia. Alimweleza kwa sentensi fupi kila namba ilikuwa nini, na wifi alikuwa anashika saa kwa ajili gani. Msimamizi alipitisha kidole kwenye mistari. Kwenye neno masikio alisimama kidogo.

"Aliingia saa ngapi?"

"Saa saba na kumi."

"Na mimi nilipita saa saba na..." Alihesabu. Alihesabu vizuri, alikuwa mtu wa mizigo na saa. "Alikuwa dakika ya kumi na nane. Ishirini."

"Hapo."

"Zilibaki kumi."

"Ndiyo."

"Akiwa na koti lile, mtu anaishi saa ngapi humo?"

Koplo alitazama chini. Inspekta alifunga daftari.

"Daktari anasema hadi jioni."

Msimamizi aliketi. Kitu kilichokuwa nyuma yake ni mizani ya maboksi, akaketi juu yake, na namba nyekundu zikapanda, zikacheza, zikasimama. Kilo themanini na moja. Ofisi yake ilikuwa hatua kumi na sita kutoka mlango wa namba mbili. Jumanne alikuwa amekaa ofisini hadi saa kumi na moja jioni, alikwisha kusema hivyo kwenye maelezo, na ilikuwa imeandikwa.

"Dada yangu anajua?"

"Tangu Jumatano asubuhi. Aliiona kabari."

"Na amekaa kimya."

"Ameniomba nimwandike yeye."

Alikaa vile mpaka mizani ikajizima kwa kukosa kuguswa. Kisha akasimama mwenyewe, akaweka mikono mbele, viganja juu. Inspekta alitikisa kichwa, hakutoa pingu. Koplo akatangulia. Saa nane na dakika tano. Kituoni kulikuwa na mama wa kufunguliwa, na Mkuu wa kuambiwa kwamba jalada lake halina mwuaji, lina kitasa kisichokuwepo, barua tatu na mazoea ya miaka thelathini na moja.

Mlango namba tatu Koplo alikuwa ameuacha wazi. Ukungu ulikuwa unamwagika kutoka ndani, unatambaa sakafuni, unafunika viatu. Msimamizi alipoufikia, mkono wake ulipanda wenyewe kuelekea komeo. Aliuona. Akaushika kwa mkono wa pili, akaushusha, akautia mfukoni.

"Nani kaacha mlango wazi huko?" Meneja alifoka kutoka ofisini kwake. "Umeme unalipwa na mama zenu?"

Kwa miaka thelathini na moja sauti hiyo ilikuwa na mtu mmoja wa kuiitikia. Mtu huyo alipita, akatoka kwenye jua pamoja na askari wawili, na baridi ikaendelea kumwagika koridoni nyuma yao.